Kibaba cha Mpagazi na Kopo la Nguvu

Nguvu za mwili ni mtaji wa mtu asiye na mtaji mwingine. Kwa sababu hiyo kila zama zimekuwa na wauzaji wa nguvu, na wanunuzi hawakukosekana. Katika zama zetu nguvu huuzwa katika makopo ya unga: kreatini ya kutia misuli kani, na asidi amino za kuuponya mwili uliochoka. Kijana wa Nyololo, katika wilaya ya Mufindi, kando ya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya, aweza kuliagiza kopo kwa simu likamfikia kwa basi. Anataka kushinda mbio, au kupanda daraja katika timu ya mpira, au kupakia magogo bila kuvunjika mgongo. Tamaa hizo ni njema. Lakini yafaa ajue anachokinunua, na historia yaweza kumwambia mengi kuliko kibandiko cha kopo.

Nyanda hizi zilijua kazi nzito kabla ya barabara. Katika mwaka wa 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 21, alipita Uhehe na Ubena kwenda Ziwa Nyasa pamoja na msafara wa watu wapatao 150. Mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa amekwisha kufa Behobeho. Aliyeushika msafara ule alikuwa Chuma, ambaye alikuwa mtumishi wa Livingstone hata kifo chake mwaka wa 1873. Mzigo wa mpagazi katika misafara ya siku zile ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kiasi cha ratili moja na nusu, au kipande cha nguo cha kununulia chakula njiani. Nyama ilikuwa bahati ya mwindaji. Hata hivyo karibu wote waliofuatana na Thomson na Chuma walirudi pwani salama.

Wakati wapagazi wakipanda milima kwa kibaba, wanakemia wa Ulaya walikuwa wakiitafuta siri ya nguvu ndani ya nyama. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliipata kreatini katika mchuzi wa nyama mwaka wa 1832, akaipa jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya nyama. Mwaka wa 1847 Mjerumani Justus von Liebig aliandika kuwa nyama ya mbweha wa mwitu waliouawa katika mawindo ilikuwa na kreatini mara kumi kuliko ya mbweha aliyefugwa. Akaamini kuwa kazi ya misuli huila misuli yenyewe, na kwamba dawa yake ni nyama. Mwaka wa 1865 kampuni yenye jina lake ilianzishwa London. Ilichemsha nyama ya ng'ombe huko Fray Bentos, nchi ya Uruguay, hata ikawa uji mweusi mzito. Ratili moja ya uji ule ilikula zaidi ya ratili 30 za nyama.

Chupa za Liebig zilifika hata katika safari za Afrika. Henry Morton Stanley alizichukua katika safari yake ya mwaka 1887 hadi 1889 ya kumtafuta Emin Pasha, akiwa na mamia ya Wazanzibari. Katika msitu wa Ituri njaa iliwaua wengi wao. Aliyekosa ndizi na muhogo hakuokolewa na mchuzi wa chupa, kwa kuwa mchuzi ule ulikuwa na ladha, chumvi na kreatini kidogo, wala haukuwa na chakula cha kumshibisha mtu. Tangazo liliuza nguvu za ng'ombe. Chupani mlikuwa na kivuli cha ng'ombe.

Tena kosa la Liebig lilikuwa limekwisha kuonekana. Mwaka ule ule wa 1865 Adolf Fick na Johannes Wislicenus walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi, baada ya kula wanga, mafuta na sukari tu, pasipo protini. Walipopima mikojo yao na kuikadiria kazi waliyoifanya, waliona kwamba protini iliyotumika mwilini isingeweza kamwe kuwapandisha mlimani. Nguvu za mwendo mrefu hutoka hasa katika wanga na mafuta. Mpagazi aliyeomba kibaba chake kwa sauti kubwa kila jioni aliijua sehemu ya elimu hiyo bila maabara.

Lakini haki ni kwa wote, na kreatini nayo ina haki yake. Katika mwaka wa 1927 Fiske na Subbarow huko Marekani, na Philip na Grace Eggleton huko London, waligundua kuwa ndani ya msuli kreatini hushikamana na fosfati. Msuli ukikaza kwa ghafula, akiba yake ya nguvu huisha kwa sekunde chache, na mchanganyiko huo huijaza tena papo hapo. Mwaka wa 1992 Harris, Söderlund na Hultman walionyesha kuwa mtu akimeza gramu 20 au zaidi kwa siku, kwa siku kadhaa, akiba hiyo huongezeka. Leo gramu 3 hadi 5 kwa siku hutosha kuihifadhi. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe mbichi ina gramu 4 au 5 tu. Basi mnyanyua vyuma na mkimbiaji wa mita mia hawajadanganywa kabisa. Aliyedanganywa ni mkimbiaji wa masafa marefu, kwa maana faida hiyo ni ya kishindo kifupi kinachorudiwa, na kreatini huongeza maji mwilini. Mwenye mbio ndefu huenda akawa ameongezewa mzigo.

Habari ya asidi amino inatugusa zaidi, kwa kuwa ni habari ya mahindi. Protini zote hujengwa kwa asidi hizo, na 9 kati yake mwili wa mtu hauwezi kujitengenezea. Mwaka wa 1906 Willcock na Hopkins walionyesha kuwa panya waliolishwa zeini, protini kubwa ya mahindi, hawakukua na walikufa. Walipoongezewa triptofani waliishi muda mrefu zaidi. Mwaka wa 1914 Osborne na Mendel walionyesha kuwa zeini imepungukiwa na laisini pia. Sasa tazama maharage: yana laisini nyingi, yamepungukiwa na methionini, mahindi yana methionini, yamepungukiwa na laisini. Kila kimoja humsitiri mwenzake. Bibi aliyechanganya makande hakuwa na jina la asidi hata moja, lakini chungu chake kilikuwa na zote. Kopo lenye asidi tatu za lusini na ndugu zake huuzwa ghali, na asidi tatu peke yake hazijengi msuli, kama vile milango mitatu isivyokuwa nyumba.

Ushahidi wa uwanjani wakubaliana na wa chunguni. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, miaka 18 kabla ya utafiti ulioiingiza kreatini madukani. Watafiti waliopima vyakula vya wakimbiaji hodari wa Kenya, na kutoa matokeo yao mwaka 2004, walikuta kuwa protini ilikuwa kiasi cha asilimia 10 tu ya nguvu walizokula. Zaidi ya robo tatu ilikuwa wanga, na ugali ulikuwa mkuu wa meza.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Watafiti wa Ujerumani waliochunguza virutubisho 634 kutoka nchi mbalimbali, wakatangaza matokeo mwaka 2004, walikuta 94 vina homoni ambazo hazikutajwa katika kibandiko. Kreatini haikatazwi katika michezo. Homoni zimekatazwa, na mwanariadha huhukumiwa kwa kilichokutwa mwilini mwake, ajue asijue. Kijana aweza kupoteza jina lake kwa unga alioununua kwa fedha ya ng'ombe wa baba yake.

Lakini kuna msiba ulio mkubwa kuliko huo. Iringa ni katika mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Hata hivyo uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Sababu ni nyingi: maradhi, kazi nyingi za mama, maji machafu, lakini mojawapo ni uji wa mahindi matupu. Panya wa Hopkins walitoa onyo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Asidi amino, basi, zahitajika kweli katika Nyanda za Juu. Ila anayezihitaji kuliko wote hana misuli ya kuonyesha wala fedha ya kuagiza kopo. Zake zimo katika maharage, maziwa, yai na dagaa.

Elimu ya nguvu imezunguka dunia kutoka mbweha wa Ujerumani hata maabara za Marekani, na imerudi kututhibitishia chungu chetu. Si aibu kujifunza kwa wageni kile ambacho wazee walikitenda. Aibu ni kukinunua katika kopo huku mdogo wetu akilala na uji mtupu. Mwenye mbio na akimbie, na mwenye kunyanyua na anyanyue. Lakini katika nyumba yenye mtoto, kibaba cha kwanza cha maharage ni chake.