Barua Iliyosomwa na Adui

Sisi wapenzi wa vitabu tukizungumzia uandishi, tunafikiria wino, karatasi, siku hizi kioo cha simu. Tunasahau kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja mabaharia waliandikiana kwa mwanga. Herufi inawaka, inazimika, imekwisha. Hakuna nakala inayobaki. Lakini swali linalomsumbua kila mwandishi lilikuwepo hata huko: ukishayatoa maneno, nani atayasoma?

Mtu wa kuanzia naye ni Philip Colomb, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Kabla yake, meli zilizungumza kwa bendera mchana. Usiku zikabaki na fanusi chache za kutundika mlingotini, na fanusi hazisemi mengi. Colomb akabuni njia ya kutumia taa moja tu, kwa mimuliko mirefu na mifupi. Jeshi likaukubali mfumo wake mwaka 1867. Muda mfupi baadaye, mtu huyuhuyu akawa nahodha wa meli ya Dryad, akiwinda majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, na mwaka 1873 akatoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Kwa hiyo msomaji wa historia ya pwani yetu anaweza kukutana naye kwenye rafu nyingine kabisa.

Mwanzoni mimuliko ya Colomb ilikuwa tarakimu. Unasoma namba, unafungua kitabu cha ishara, unapata maana. Asiye na kitabu haambulii kitu, hata akiiona taa vizuri. Baadaye ikashika nafasi alfabeti ya Morse, ile ya nukta na vistari, na hapo mambo yakawa mepesi mno: unaweza kuandika sentensi yoyote, neno kwa neno, na kila aliyejifunza alfabeti ataisoma.

Hebu shika hilo neno “kila”. Ndilo lenye mkasa.

Tarehe 31 Mei 1916, kwenye Bahari ya Kaskazini karibu na Denmark, meli zipatazo 250 za Uingereza na Ujerumani zilikutana katika mapigano ya Jutland. Giza lilipoingia hakuna aliyekuwa na uhakika nani yuko wapi. Usiku wa namna hiyo, uhai wa meli unategemea ishara ya utambulisho: unamulika swali, mwenzako anamulika jibu. Akikosea, unafyatua mzinga.

Mnamo saa tatu na nusu usiku, Lion, meli ya Admirali David Beatty, ikamulikia meli mwenzake, Princess Royal. Kwa ufupi, ilikuwa inaomba ipewe swali na jibu la utambulisho linalotumika, maana vyake vimepotea. Princess Royal ikajibu, kwa taa vilevile. Redio ilikuwepo, lakini mawimbi ya redio yanasikika mbali sana, na mwanga ulionekana kuwa mnong'ono kati ya majirani wawili. Kumbe kulikuwa na jirani wa tatu. Wajerumani waliokuwa karibu walisoma walau sehemu ya mazungumzo yale.

Haikupita hata saa moja. Meli ya Castor, iliyokuwa ikiongoza kundi la manowari ndogo za Waingereza, ikaona meli zinaikaribia gizani, nazo zikamulika mwanzo wa ishara ya Waingereza. Sekunde chache za kusita. Halafu taa kubwa zikawashwa na mizinga ikaanza kulia. Baadhi ya mabaharia wa kundi la Castor waliamini ni wenzao wanaowapiga kwa makosa, wakazuia torpedo zao. Wanahistoria wengi wanaunganisha tukio hilo na mazungumzo ya Lion. Meli mojawapo ya Wajerumani pale iliitwa Hamburg, na huo ndio mji ambako Friedrich Gerke, mwaka 1848, aliirekebisha alfabeti ya Morse ikaelekea umbo lililokuja kutumika duniani kote. Yaani Waingereza walikuwa wakinong'ona kwa herufi zilizofinyangwa na Mjerumani.

Jutland iliua Waingereza 6,094 na Wajerumani 2,551. Siwezi kusema taa ile ya Lion ilibeba wangapi kati yao. Ninachoona ni kwamba lugha ikiwa rahisi kusomwa na rafiki, inakuwa rahisi pia kwa adui. Kitabu cha Colomb kilikuwa mlango wenye ufunguo; Morse ilikuwa baraza, na barazani yeyote anapita.

Taa hizo bado zipo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini unadai meli za safari za kimataifa, kuanzia tani 150, ziwe na taa ya ishara. Redio ikifa na umeme ukikatika, taa inayotumia betri bado itaomba msaada, na hapo utatamani kila mwenye macho aisome.

Ninamfikiria yule mpiga ishara wa Lion, kidole kwenye kibonyezo, akizipanga herufi gizani. Aliandika vizuri. Ushahidi ni kwamba hata adui alimwelewa.