Ndege ya mabua ya Gairo

Nilipotea kidogo, nilikuwa BTP kule Gairo, na wanaoijua Gairo wanajua: upepo, baridi na malori ya Dodoma usiku kucha. Leo sina umbea. Nataka tuongee historia kidogo, maana kuna dogo wa fomu wani kanifumbua macho kwa kitu ambacho kwenye madesa yetu hakimo kabisa.

Ilikuwa hivi. Niko ubaoni, namwona wa nyuma kule anasokota kitu chini ya dawati. Mzee mzima nikajifanya mkali, nikamnyang'anya. Ilikuwa ndege. Mwili wake wa mabua ya mtama yaliyomenywa, vipande vimeshikanishwa kwa vijiti vya ganda la bua lile lile. Mabawa kayafunika na ile karatasi laini inayofungia viatu vipya. Pangaboi kakata kwenye chupa ya maji, katia waya na ushanga ili lizunguke bila kukwama. Chini ya tumbo kuna rababendi 3, zile za kufungia noti. Unalisokota pangaboi mpaka mpira unajaa mafundo, ukiachia unajikunjua na kulizungusha.

Jioni nikairusha nyuma ya nyumba. Ikainua pua, ikasimama angani kama inafikiria, ikadondokea mkia. Nikacheka peke yangu, nikaitupia kabatini.

Sasa sikieni. Sisi tunafundishwa kwamba binadamu alianza kuruka na ndege ya injini tarehe 17 Desemba 1903, Wilbur na Orville Wright, Marekani, sekunde 12. Sawa. Lakini rudini nyuma mpaka Paris, 18 Agosti 1871, kwenye bustani ya Tuileries. Kijana wa miaka 21 anaitwa Alphonse Pénaud anarusha kindege kidogo mbele ya wataalamu. Nguvu yake ni nini? Mpira uliosokotwa! Kikaruka sekunde 11. Baba yake alikuwa admirali, na yeye alitamani jeshi la majini, ila ugonjwa wa nyonga ukamzuia. Basi akaingia kwenye ndege.

Watu kabla yake walishajaribu. George Cayley wa Uingereza mwaka 1796 alirusha kidude cha vizibo na manyoya kwa nguvu ya upinde mdogo. Pénaud aliongeza mpira, halafu akaongeza kitu kikubwa zaidi: utulivu. Uzito aliuweka mbele, na kibawa cha mkiani akakiinamisha kidogo tofauti na bawa kubwa. Pua ikipanda sana, ndege inajishusha yenyewe, ikishuka sana inajiinua. Yaani ugonjwa ule ule wa ndege niliyoicheka ndio Pénaud aliutibu. Nilipolisoma hilo nikaona aibu, wallahi.

Na kuna hii: Orville Wright alizaliwa 19 Agosti 1871, kesho yake tu! Mwaka 1878 baba yao, askofu, akawaletea kidude cha kuruka kwa mpira, cha mtindo wa Pénaud, kimetengenezwa kwa kizibo, mwanzi na karatasi. Wilbur ana miaka 11, Orville 7. Wakaanza kuviiga, na wakagundua kila wakikikuza ndivyo kinavyogoma kuruka. Mwalimu wa Orville wa darasa la kwanza alimkuta dawatini anachezea vipande vya mbao, akamuuliza anafanya nini. Akajibiwa: mashine ambayo yeye na kaka yake wataruka nayo siku moja. Yule mwalimu aliuliza. Mimi sikuuliza.

Pénaud mwenyewe hakufaidi. Mwaka 1876 alisajili mchoro wa ndege kubwa ya watu wawili, akakosa wa kumpa hela, na Oktoba 1880 akajiua, ana miaka 30.

Wazungu wanaotengeneza ndege hizi hutumia balsa, mti mwepesi ajabu unaotoka zaidi Ekwado. Sisi tuna bua, na kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa kuna mlingoti wa mkonge, mwepesi nao. Huo mkonge aliuleta Hindorf mwaka 1893, ikafika hai miche 62 tu. Hata mpira ulishapandwa hapa na Wajerumani, ile jamii ya mhogo inayotoa utomvu, mpaka bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mashamba ya Asia. Hiyo ni mada ya siku nyingine, tena chungu.

Wiki ya mwisho nikamwita dogo, nikamrudishia, nikamwomba radhi. Nikamwambia inasimama angani. Akaniangalia kama mimi ndiye mwanafunzi. "Mwalimu, ulitoa udongo wa puani?" Kumbe ulikuwepo! Uliganda ukadondoka kabatini kwangu. Akachukua tope kidogo, akabandika kwenye pua, akasokota, mimi nahesabu raundi kwa sauti. Themanini.

Tukairusha uwanjani. Haikuinua pua wala kudondoka, ilikwenda tu, inalialia kama nyuki. Sekunde 5 kwa saa ya simu yangu, kabla upepo wa Gairo haujaibeba na kuitua juu ya bati la stoo. Tukaanza kutafuta ngazi.