Mnyonya Damu Apiga Hodi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mfululizo: Historia ya Vitabu.

Fungueni karatasi zenu, na aliye na kalamu aishike, kwani mwisho wa somo yako maswali.

Leo twasoma historia ya hadithi moja ya Ulaya iliyoenea duniani kote, yaani hadithi ya mnyonya damu. Mnyonya damu ni maiti ambaye, kama watu walivyosadiki, hutoka kaburini usiku akanyonya damu ya walio hai. Hapo kale jina lake liliwatia watu hofu hata wakafukua makaburi. Siku hizi wako wasomaji wengi, hasa wasichana na wanawake, wanaonunua riwaya ambamo mnyonya damu huyo huyo ndiye mchumba. Je, kitu kilichoogopwa namna ile kimepataje kupendwa? Wako wanaolijibu swali hili kwa kucheka, wakisema ni upuuzi wa wanawake. Jibu hilo ni la haraka mno. Jambo linalopendwa na watu mamilioni lina sababu zake, nasi yatupasa kuzitafuta.

MAITI WA KIJIJINI

Kwanza twende Serbia, katika kijiji kiitwacho Kisiljevo, mwaka 1725. Wakati ule sehemu hiyo ilikuwa chini ya utawala wa Austria. Mkulima mmoja, jina lake Petar Blagojević, alikufa akazikwa. Kisha, katika muda wa siku nane, watu tisa wa kijiji hicho wakafa. Kabla ya kufa walisema kwamba Petar amewajia usingizini akawakaba koo. Wanakijiji wakamwambia afisa wa serikali kuwa watahama wote kama hawaruhusiwi kulifukua kaburi. Basi likafukuliwa. Afisa akaandika kwamba ndevu na kucha za maiti zilionekana zimeota, na kinywani mlionekana damu. Watu wakamchoma kifuani kwa mti uliochongwa ncha, halafu wakamteketeza kwa moto. Taarifa ya afisa huyo ilichapishwa katika gazeti la Vienna mwaka huo huo.

Leo twajua mambo ambayo wanakijiji wale hawakuyajua. Maiti anapoanza kuoza hujaa hewa tumboni, na maji yenye rangi ya damu husukumwa mpaka kinywani. Ngozi hunywea, kwa hiyo kucha na ndevu huonekana ndefu kuliko zilivyokuwa. Tena ugonjwa wa kuambukiza huweza kuua watu wengi kwa kufuatana bila ya maiti yeyote kutoka kaburini. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa wa Austria alimwagiza daktari wake, Gerard van Swieten, azichunguze habari za namna hii. Daktari akaona kuwa chanzo chake ni hofu na kutojua. Ndipo Malkia akapiga marufuku desturi ya kufukua maiti na kuwachoma.

Msidhani kuwa hofu hii ilikuwa ya Serbia peke yake. Katika siku za ukoloni, uvumi wa mumiani na wa wazimamoto ulienea Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu waliambiana kwamba wako wanaokamatwa usiku ili damu yao itolewe ikafanywe dawa. Na mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu uliwafanya watu kukusanyika makundi makundi na kuwaua watu kadhaa. Uvumi haupigi hodi. Huingia nyumbani bila kukaribishwa, na anayeumia ni jirani au mpita njia. Lishikeni jambo hili, maana tutalirudia.

MAITI AWA MWINYI

Sasa twatoka kijijini, twaingia katika vitabu. Mwaka 1815 mlima Tambora, katika nchi ambayo leo huitwa Indonesia, ulilipuka kwa nguvu nyingi. Majivu na moshi wake viliharibu hali ya hewa mpaka nchi za mbali. Mwaka 1816 Ulaya ilikosa kiangazi chake cha kawaida, ikawa baridi na mvua. Mwezi wa Juni mwaka huo, kando ya ziwa la Geneva huko Uswisi, Waingereza wachache walikuwa wamefungiwa nyumbani na mvua hiyo. Miongoni mwao alikuwamo mshairi Lord Byron, na daktari wake John Polidori, kijana wa miaka 20, na msichana ambaye baadaye aliitwa Mary Shelley. Ili kupitisha wakati walishindana kutunga hadithi za kutisha. Mary akaanza Frankenstein, kitabu kilichotoka mwaka 1818. Polidori akaandika hadithi ya mnyonya damu, nayo ikachapishwa London mwaka 1819.

Polidori alifanya badiliko moja kubwa. Mnyonya damu wake si mkulima aliyevimba kaburini. Ni Lord Ruthven, mwinyi mwenye cheo, uso wake mweupe kama wa mfu, anayealikwa katika kila nyumba ya wakubwa. Mtu huyu hana haja ya kuvunja mlango, kwa kuwa wenyeji wenyewe humfungulia. Hata hivyo yeye ni mwovu tangu mwanzo hata mwisho. Humwoa dada wa rafiki yake, kisha akamwua.

Mwaka 1897 akatokea mwandishi mwingine, Bram Stoker, mtu wa Ireland aliyekuwa meneja wa nyumba ya michezo ya kuigiza ya Lyceum huko London. Kitabu chake ni Dracula. Humo mna sharti la ajabu: mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani mara ya kwanza mpaka mmoja wa watu wa nyumba hiyo amkaribishe. Baada ya hapo aweza kuingia apendavyo.

Sisi tunaosema Kiswahili twalielewa sharti hili upesi. Mgeni mwenye adabu husimama nje akaita, Hodi! Asipojibiwa, Karibu, haingii. Akiita mara tatu kimya, hurudi alikotoka. Basi Stoker alimpa mwenye nyumba uwezo ambao watu wa Kisiljevo hawakuwa nao. Petar wao aliingia tu, lakini Dracula hapana budi angoje neno.

MWINYI AWA MCHUMBA

Hata hivyo Dracula wa kitabuni hakuwa mtu wa kupendwa. Stoker anamweleza kuwa ni mzee mwenye pumzi ya kunuka na nywele katika viganja vya mikono. Senema ndiyo iliyompamba. Mwaka 1931, huko Marekani, mchezaji Bela Lugosi alimwigiza akiwa amevaa suti safi ya karamu na joho jeusi, naye akasema kwa upole. Watazamaji wakamwogopa, na huku wakapenda kumtazama.

Mwaka 1976 mwandishi wa Marekani, Anne Rice, akatoa kitabu Interview with the Vampire. Mama huyu alikuwa amefiwa na binti yake mdogo mwaka 1972 kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Katika kitabu chake mna mtoto wa kike aliyefanywa mnyonya damu, ambaye hakui wala hafi. Pia mnyonya damu mwenyewe, Louis, ndiye anayesimulia maisha yake. Anajuta, anaona haya kuua watu, anahuzunika. Hapo kale walio hai ndio waliosimulia habari za mfu. Sasa mfu alipewa ulimi, na msomaji aliyemsikiliza akaanza kumhurumia. Kutoka huruma mpaka mapenzi si safari ndefu.

Wengi waliifuata njia hiyo. Aliyepata wasomaji wengi kupita wote ni Stephenie Meyer, Mmarekani, aliyetoa kitabu Twilight mwaka 2005. Bella, msichana wa miaka 17, anahamia Forks, mji mdogo wenye mvua nyingi, akapendana na Edward. Edward ana sura ya kijana wa miaka 17, lakini alizaliwa mwaka 1901. Yeye na jamaa zake wameapa kutowanyonya watu, hunywa damu ya wanyama wa porini. Vitabu vinne vya hadithi hii vilitoka kati ya mwaka 2005 na 2008, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 100.

SABABU ZA KUPENDWA

Basi turudi kwa swali letu. Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni nguvu inayojizuia. Edward aweza kumwua Bella kwa mkono mmoja, na harufu ya damu yake yamtamanisha kila saa. Hata hivyo hujizuia. Wanawake wengi wa dunia huishi karibu na watu wenye nguvu kuliko wao: baba, mume, bwana wa kazi. Kumsoma mtu mwenye nguvu zote, ambaye kila siku huchagua kutozitumia, ni raha isiyo ndogo.

Ya pili ni mauti. Kila anayependa anajua kwamba siku moja kifo kitamtenga na ampendaye. Hadithi hii yatoa mchumba asiyezeeka, asiyekufa, na ambaye katika miaka mingi ya kutangatanga amemchagua msichana wa kawaida asiyejiona kuwa mzuri. Ni ndoto, lakini ni ndoto ya kila mtu.

Ya tatu ni mlango. Msomaji hukutana na hatari akiwa ameishika mikononi. Akiogopa hufunga kitabu, akipenda hukifungua tena. Hatari imepiga hodi, naye ndiye mwenye nyumba.

TUSOMEJE?

Lakini liko jambo moja ambalo msomaji mwema hapaswi kuliruka. Katika Twilight, Edward huingia usiku chumbani mwa Bella akamtazama amelala, kabla Bella hajajua wala kumruhusu. Hapo hakupiga hodi. Kitabu chalionyesha jambo hilo kama dalili ya mapenzi, na wako wasomaji wengi walioandika kulipinga. Nami nakubaliana nao. Kitabuni twajua kuwa Edward hatamdhuru, kwa sababu mwandishi ametuonyesha moyo wake. Katika maisha hakuna anayetuonyesha moyo wa mtu aliyesimama gizani. Binti yako akiambiwa na kijana, “Nakuchungulia dirishani kwa sababu nakupenda,” ajue kwamba huyo si mchumba, na amwambie mtu mzima anayemwamini.

Je, tumnyang'anye binti kitabu? La. Tukimnyang'anya atakisoma kwa siri, na hapo hatakuwa na mtu wa kumwuliza. Afadhali tukisome pamoja naye, tumwulize: Hapa alipiga hodi? Hapa alikaribishwa? Mwenye kujiuliza maswali hayo anaweza kuifurahia hadithi bila kutawaliwa nayo.

Na hapa ndipo ninapourudia ule uvumi. Uvumi huwezi kuurudisha nyuma ukurasa mmoja ukauliza, “Nani amesema haya? Ameyaona wapi?” Aliyeuleta amekwisha pita, na watu wamekwisha shika mawe. Kitabu hungoja. Watu wa Kisiljevo walikuwa na wafu tisa na hofu kubwa, wala hawakuwa na maandishi ya kuwaeleza jinsi maiti anavyooza. Ninyi mnaojifunza kusoma leo mnaweza kuyapata maandishi hayo. Siku uvumi wa mumiani utakapofika mtaani kwenu, watakaohitaji mtu wa kuuliza maswali wataweza kuwatazama ninyi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Watu wa Kisiljevo waliona nini kaburini, na twakielezaje leo?
2. Taja tofauti moja kati ya Petar wa kijijini na Lord Ruthven wa kitabuni.
3. Sharti gani limewekwa juu ya mnyonya damu katika Dracula? Lafanana vipi na desturi yetu ya hodi?
4. Je, umepata kusikia uvumi uliomwumiza mtu asiye na kosa? Ulianzaje, na nani angeweza kuuzuia?

Someni tena sehemu ya mwisho nyumbani, kwa sauti, na mtu mmoja wa jamaa akusikilize. Kwaherini.