Makonyo na Mikono Iliyoyachambua

Kikonyo ni kijiti kinachoshikilia jani, ua au tunda kwenye tawi lake. Aghalabu hukitupa bila kukitazama. Lakini katika visiwa vya Unguja na Pemba vikonyo vya karafuu vina jina lao la biashara, makonyo, na katika jina hilo imo sehemu ya historia ambayo masomo yetu huipita upesi.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya mbele. Hayo tunayafundisha, pamoja na hesabu za magunia. Tusilolifundisha ni kazi iliyo kati ya mti na gunia.

Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Huchumwa kwa vichala. Kisha kila kichala huchambuliwa kwa mkono, matumba yakawekwa huku na makonyo kule, ndipo zianikwe juani. Karafuu zilizochanganyika na makonyo hushuka daraja. Kazi hiyo ilifanywa kwanza na watumwa. Baada ya utumwa kuondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, iliangukia vibarua na jamaa za wakulima, hasa wanawake na watoto, walioketi majamvini hata usiku.

Wala makonyo si taka. Yana mafuta, ingawa si mengi kama ya matumba, nayo hukenekwa kwa mvuke huko Pemba kwa ajili ya manukato, sabuni na dawa.

Walimu wenzetu, kitenzi kuchambua, tunachokitumia darasani kwa shairi na riwaya, ndicho kitumikacho kwa karafuu na pamba. Mchambuaji wa karafuu hatupi makonyo. Huyatenga, nayo yakapata thamani yake. Nasi tulio bara, ng'ambo ya mipaka, tunayo kahawa na pamba yenye mikono yake isiyoandikwa. Basi tuwatume wanafunzi wakawaulize bibi na babu zao wangali hai, waandike majibu kwa Kiswahili. Magunia yamekwisha kuhesabiwa. Waliobaki ni watu.