Hesabu za Mafuta ya Nigeria

Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu humfaa sana mwenye duka, kwa kuwa duka ni lake, daftari ni lake, na hasara ikitokea itamwangukia yeye mwenyewe. Lakini tuseme mali ni ya taifa zima, na daftari limo mikononi mwa yule yule auzaye, apokeaye fedha, na azitumiaye kabla ya kuwafikishia wenyewe. Hapo mambo hugeuka. Daftari laweza kuwapo, tena lenye jalada zuri, na habari zisipatikane. Historia ya mafuta ya Nigeria yatuonyesha jambo hili kwa uwazi.

Mafuta yalipatikana Nigeria mwaka 1956 katika kijiji cha Oloibiri, kwenye vijito na mikoko ya delta ya mto Niger, na waliochimba walikuwa kampuni ya Shell-BP. Mwaka 1958 shehena ya kwanza ilisafirishwa ng'ambo. Nchi ikapata uhuru mwaka 1960, ikapita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe toka 1967 hata 1970, na vita vilipokwisha serikali ikaona haifai tena kungojea kodi ya wageni tu. Mwaka 1971 ilijiunga na OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na kuunda shirika lake. Mwaka 1977 shirika hilo liliunganishwa na wizara ya mafuta, likazaliwa Nigerian National Petroleum Corporation, ambalo hapa tutaliita Shirika tu. Shirika lilishirikiana na kampuni za kigeni katika kuchimba. Ndilo lililouza fungu la serikali. Ndilo lililosafisha mafuta na kuyasambaza nchini. Na mpaka mwaka 1988 idara ya kukagua shughuli zote hizo ilikuwamo ndani ya Shirika lenyewe. Mkaguzi na mkaguliwa walikaa nyumba moja.

Haikupita miaka mingi, watu wakaanza kunong'ona. Mwaka 1980 yalienea maneno kwamba naira bilioni 2.8 za Shirika, zilizowekwa katika benki ya London, zimetoweka. Zilikuwa fedha nyingi mno, maana siku zile naira moja ilizidi dola moja ya Marekani kwa thamani. Rais Shehu Shagari akaunda baraza la uchunguzi chini ya jaji Ayo Irikefe. Baraza likasikiliza mashahidi, na mwishowe likatamka kwamba fedha hizo hazikuibwa. Walakini lilikuta pia kwamba hesabu za Shirika zimo katika hali mbaya. Hapa msomaji na atue kidogo. Uvumi ulikuwa umeenea nchi nzima, lakini hapakuwa na hesabu safi za kuukanusha, kwa hiyo wengi hawakuyaamini maneno ya baraza. Palipo na daftari bovu hata asiye na hatia hukosa cha kujitetea.

Kisa cha pili ni cha Vita vya Ghuba. Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990 bei ya mafuta ilipanda, na fedha za ziada zikamiminika Nigeria, iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 1994 jopo la mtaalamu wa uchumi Pius Okigbo lilichunguza akaunti maalumu ambazo zilikuwa zimefunguliwa tangu mwaka 1988, nje ya bajeti ya kawaida. Likaeleza kwamba dola za Marekani bilioni 12.4 ziliingia humo, na kwamba hata kufikia Juni 1994 zilizobaki hazikupita sana dola milioni 200. Ripoti hiyo haikuchapishwa. Miaka kadhaa baadaye, raia walipoidai, serikali ilijibu kwamba haioni nakala yake. Ukaguzi ulifanywa barabara, na wenyewe wa mali hawakusomewa.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kuhesabu mafuta ni kama kuhesabu magunia ya kahawa. Sivyo. Mafuta yatokapo kisimani huwa yamechanganyika na maji, gesi na mchanga. Husafiri mwendo mrefu katika mabomba yapitayo kwenye vinamasi. Mafuta ya kampuni mbalimbali huingia bomba moja. Na njiani wezi hutoboa bomba usiku wakajaza mashua zao. Kwa miaka mingi mita za kutegemewa ziliwekwa penye vituo vya kupakilia meli, kama Bonny na Forcados, si kule mafuta yanakotoka. Mwaka 2004 Rais Olusegun Obasanjo alianzisha mpango wa kuweka wazi mapato ya mafuta, na ukaguzi wake wa kwanza, uliohusu miaka 1999 hadi 2004, ulionyesha udhaifu huo. Serikali iliyajua yaliyopakiwa. Yaliyotoka ardhini iliyakadiria. Baina ya namba hizo mbili, nani awezaye kusema kwa hakika hiki ni maji, hiki ni uvujaji, na hiki ni wizi?

Lakini kizuizi kikubwa zaidi hakikuwa bomba. Kila siku Shirika lilipewa mapipa 445,000 kwa ajili ya viwanda vya kusafisha mafuta vya Port Harcourt, Warri na Kaduna, viwanda vya namna ya kile kilichofanya kazi Changamwe, Mombasa, mpaka mwaka 2013. Viwanda hivyo vilikuwa vibovu, havikuweza kusafisha hata nusu ya mafuta hayo. Basi Shirika liliuza mengi ya mapipa hayo ng'ambo, au likayabadilisha kwa petroli iliyokwisha kusafishwa. Fedha zilipopatikana, kwanza lilikata ruzuku, likakata gharama za mabomba yaliyopasuliwa, likakata hasara, ndipo likapeleka kilichosalia. Mkaguzi alipouliza kwa nini kilichosalia ni kidogo, aliletewa orodha ya gharama iliyoandikwa na yule yule aliyekata.

Mtu atasema, je, sheria haikulizuia? Kifungu cha 162 cha katiba ya mwaka 1999 chaagiza kwamba mapato yaingizwe katika Mfuko wa Shirikisho, kisha yagawiwe serikali kuu, majimbo 36 na serikali za mitaa. Sheria iliyoliunda Shirika, kwa upande wake, ililiruhusu kulipa gharama zake kutoka katika mapato yake. Tena kifungu cha 85 cha katiba hiyo hiyo hakimruhusu Mkaguzi Mkuu kukagua mwenyewe hesabu za mashirika ya namna hii. Atatoa orodha ya wakaguzi, shirika litachagua humo limtakaye, naye atatoa maoni juu ya hesabu atakazoletewa. Aweza kupitia hesabu mara kwa mara, ni kweli, lakini ukaguzi wenyewe si wake. Kwa maoni yangu, mlango huu wa sheria ulileta hasara kuliko wezi wote wa delta, kwa sababu mwizi hukimbia aonapo taa, na aliyeruhusiwa na sheria hana haja ya kukimbia.

Mambo haya yalifika kilele mwaka 2013. Gavana wa Benki Kuu, Sanusi Lamido Sanusi, alimwandikia Rais Goodluck Jonathan barua mwezi wa Septemba, akisema kwamba dola bilioni 49.8 za mafuta yaliyouzwa toka Januari 2012 hata Julai 2013 hazikufikishwa zinakostahili. Barua ikavuja mwezi wa Desemba. Maofisa wakakaa pamoja kulinganisha vitabu, ikaonekana kwamba sehemu kubwa ilikuwa imepitia njia nyingine, na Shirika likasema zisizolingana ni dola bilioni 10.8 tu. Februari 2014 Sanusi akataja dola bilioni 20. Tarehe 20 ya mwezi huo huo Rais akamsimamisha kazi kwa tuhuma za matumizi mabaya katika Benki, miezi michache tu kabla ya muhula wake kwisha. Juni mwaka huo alitawazwa kuwa Amiri wa Kano.

Wanafunzi wengi wasomapo namba hizi zinazobadilika huona kwamba lazima mmoja alikuwa mwongo. Si lazima. Kila mmoja alihesabu kitu chake: huyu alihesabu mafuta yaliyouzwa, yule fedha zilizofika, na wa tatu akatoa gharama kwanza. Kampuni ya ukaguzi ya PwC iliyoitwa kuamua ilikuta kwamba mauzo ya miezi ile 19 yalikuwa dola bilioni 69.34, na zilizofikishwa bilioni 50.81. Katika pengo la zaidi ya bilioni 18 Shirika lilitaja, miongoni mwa mengine, ruzuku ya mafuta ya taa, ingawa mwaka 2009 Rais Umaru Yar'Adua alikuwa ameagiza ruzuku hiyo ikomeshwe. PwC ikasema Shirika lirudishe angalau dola bilioni 1.48. Ikaongeza kwamba haikupewa hesabu kamili za kampuni ya uchimbaji iliyo chini ya Shirika, na kwamba kazi yake isihesabiwe kuwa ukaguzi kamili. Ripoti nzima ilitolewa hadharani mwezi wa Aprili 2015, Jonathan akiwa amekwisha kushindwa katika uchaguzi.

Sheria mpya ya mafuta ilipitishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika likageuzwa kampuni ya biashara, hisa zake zikibaki za serikali. Kabla ya hapo, mwezi wa Juni 2020, lilikuwa limetangaza hesabu zake zilizokaguliwa, za mwaka 2018, watu wote wazisome. Ilikuwa mara ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa mwaka Shirika lilipoundwa alikuwa sasa mtu mzima wa miaka 43.