Wanawake, Upelelezi na Riwaya: Mtazamo kutoka Kibosho

Tarehe 2 Machi, mwaka 1900, wakuu 19 wa Kilimanjaro na nchi jirani walinyongwa na Wajerumani huko Old Moshi. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Ngalami wa Siha, na Mangi Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina. Walishtakiwa kwamba walikuwa wakipanga njama ya kuwashambulia watawala. Wanahistoria wengi wameona kuwa habari za njama hiyo zilitiwa chumvi, na wapo wanaosema zilibuniwa tu. Na jina la Mangi Marealle wa Marangu, ambaye maofisa wa Kijerumani walikuwa wakimsikiliza mno, limetajwa mara kwa mara katika jambo hili. Hatukusudii kuihukumu upya kesi hiyo. Tumeitaja kwa sababu kila tunapowasikia watu wakisema kwamba riwaya za upelelezi ni mchezo wa kupotezea wakati, tunaikumbuka Kibosho. Palikuwa na uvumi, palikuwa na hakimu mwenye haraka, na palikuwa na watu ambao wangenufaika kwa kifo cha wengine. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza: hayo yamesemwa na nani, aliyasikia wapi, naye atapata nini yakiaminiwa?

Kuuliza maswali hayo ndiyo kazi ya mpelelezi wa riwaya. Lakini katika makala hii hatutazungumza juu ya wapelelezi wote. Tunataka kuliangalia tawi moja dogo la fasihi hii, nalo ni lile la riwaya za kuchekesha ambamo kosa hutendeka mahali padogo, watu wanafahamiana, damu haimwagwi mbele ya macho ya msomaji, na mwenye kufumbua fumbo si askari wala jasusi bali ni mwanamke wa kawaida ambaye hakuna aliyemtuma. Tawi hili limestawi sana Uingereza na Marekani. Kwetu karibu halipo, na kutokuwapo kwake kunastahili kuchunguzwa kama lilivyo kosa lolote lililomo katika riwaya hizo.

Mpelelezi wa kike aliye mashuhuri kuliko wote ni Miss Marple, aliyebuniwa na Agatha Christie. Alitokea kwanza katika hadithi fupi mwaka 1927, kisha katika riwaya mwaka 1930, na kwa jumla amekuwa mhusika mkuu wa riwaya 12. Hata hivyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1897 mwandishi wa Kimarekani, Anna Katharine Green, alikwisha kumbuni Amelia Butterworth, bibi asiyeolewa ambaye hakuweza kuvumilia kuona jambo likitendeka katika nyumba ya jirani bila yeye kulijua. Miss Marple ni bikizee wa kijijini. Anafuma sweta, anapalilia maua, anakunywa chai, na watu huzungumza mbele yake kama kwamba hayupo. Siri ya ushindi wake ni nyepesi kueleza na ngumu kuiga: kila mtu anayekutana naye humkumbusha mtu fulani wa kijijini kwake. Tajiri wa mjini anayedai hili na lile anamkumbusha mwuza samaki aliyekuwa akipunja mizani. Basi humtazama tajiri huyo kama alivyomtazama mwuza samaki. Askari wanamcheka mpaka ukurasa wa mwisho.

Msomaji aliyekulia Kibosho hana haja ya kwenda Uingereza ili amwelewe bibi huyu. Walioandika habari za Wachagga mwanzoni mwa karne ya 20, kama Bruno Gutmann aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, na Charles Dundas aliyetoa kitabu chake mwaka 1924, waliyakuta masoko ya mlimani yakiwa ni mambo ya wanawake. Huko zilipelekwa ndizi, maharage, maziwa, ulezi wa kutengenezea mbege, na magadi. Mwanaume aliyejitembeza sokoni bila sababu alijiaibisha. Sasa na tufikiri soko ni kitu gani. Soko ni mahali ambapo mwanamke huona nani ameacha kununua kwa jirani yake wa siku zote, nani amekuja na fedha mpya, nani ananunua magadi mengi kuliko mahitaji ya nyumba yake, nani amefika peke yake ilhali huja na mkamwana wake. Tena tuongeze safari za majani. Kwa kuwa ng'ombe wa vihambani hufugwa ndani, wanawake wa Kibosho, vizazi kwa vizazi, wameteremka kwenda nyika za chini kukata majani na kuyapandisha mlimani kichwani. Mtu anayepita njia moja kila siku akiwa na mzigo mzito haendi mbio. Huona unyayo mgeni kwenye tope la mfongo, na huona uzio uliofunguliwa jana ukafungwa vibaya leo.

Elimu hiyo tumezoea kuiita umbea. Sisi wenyewe tumelitumia neno hilo bila kufikiri. Lakini umbea na upelelezi huanzia mahali pamoja kisha huachana njia. Mmbea akisikia neno hulipeleka mbele likiwa limenenepa. Mpelelezi akisikia neno hulirudisha nyuma mpaka kwa aliyelisema kwanza. Katika msiba wa mwaka 1900 neno lilipelekwa mbele, nao waliolipeleka walikuwa wanaume wenye vyeo. Kwa hiyo dai kwamba umbea ni tabia ya wanawake halina ushahidi wa kutosha katika historia ya mlima huu.

Tuje sasa kwenye fasihi yetu ya Kiswahili. Mwenye kufungua njia ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ilifuatwa na Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha nyingine kadhaa mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mpelelezi wake, Bwana Msa, si askari. Ni mtu wa makamo mwenye kiko, mwenye maneno mengi na mzaha mwingi, anayefuatana na rafiki yake Najum. Wahakiki wamesema sana kwamba Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes, na kiko chake kinawapa haki. Sisi tunaona kwamba kwa tabia yuko karibu zaidi na Miss Marple kuliko na Holmes. Hapigani, hakimbizi magari, wala hana maabara. Huketi, huzungumza, huchekesha, huijua jamii ya Kizanzibari kwa koo na ndoa zake, na fumbo hufumbuka kutokana na siri za familia: mtoto alizaliwa na nani, mirathi ilimwendea nani. Kwa hiyo riwaya ya upelelezi ya kuchekesha, isiyo na umwagaji wa damu, tulikuwa nayo tangu mwanzo. Tulichokosa ni kumpa bibi kiti cha Bwana Msa.

Waandishi wa bara waliofuata walikwenda njia nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na humo kazi ilirudi mikononi mwa polisi. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Vitabu hivi vilisomwa kwa hamu kubwa mno, vikapitishwa mkono kwa mkono mabwenini mpaka majalada yakabanduka. Hatuna nia ya kuvibeza. Willy Gamba alipigania ukombozi wa Afrika wakati ambapo vita vya ukombozi vilikuwa vikipiganwa kweli kusini mwetu, na wakati huo fasihi ilikuwa na haki ya kuwa na bunduki. Lakini mwanamke amewekwa wapi humo? Mara nyingi ni mrembo wa kuokolewa, au mrembo wa kuogopwa kwa kuwa ametumwa na adui. Nuru, mwenzi wa Joram Kiango, ana akili na ujasiri kuliko wengi wa wenzake, hata hivyo hadithi si yake. Na bikizee hayumo kabisa. Katika riwaya hizo mwanamke akishapita ujana hutoweka, kana kwamba amehamishwa nchi.

Jambo hili linashangaza zaidi tukiitazama lugha yenyewe. Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanaume katika neno "mpelelezi", wala katika "aliona", "alishuku", "alimkamata". Mwandishi wa Kiswahili angeweza kutuandikia kurasa kumi kabla hatujajua kama shujaa wake amevaa suruali au kanga, na mzaha mzuri sana ungepatikana hapo. Mwingereza hawezi kufanya hivyo bila taabu kubwa.

Sababu moja ya upungufu huu ni nani alikuwa na kalamu. Kibosho ilipata misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1893, na shule zikafuata, lakini kwa muda mrefu wavulana ndio waliotangulizwa. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa wilaya 6 zilizochaguliwa kuufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya nyingine. Akina mama wengi waliokuwa na hadithi za soko vichwani mwao ndio kwanza wakaanza kushika kalamu. Wanawake waliokwisha soma walikuwa wakiandika tayari: Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975, na mwaka huo huo Martha Mvungi akatoa Hana Hatia. Lakini walikuwa na mambo mazito zaidi ya kusema kuliko fumbo la kuchekesha, nasi hatuwezi kuwalaumu.

Sababu ya pili tumeipata Botswana, mahali ambapo hatukuitafuta. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith, Mskoti aliyezaliwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, alianza mfululizo wa riwaya juu ya Precious Ramotswe, mwanamke wa Gaborone anayefungua ofisi ya upelelezi. Zimesomwa duniani kote. Wako wanaolalamika kwamba Afrika ya vitabu hivyo ni tamu mno, na malalamiko hayo yana uzito. Sisi tulivutwa na kitu kidogo kilichomo mwanzoni. Mama Ramotswe alipata mtaji wa ofisi yake kwa kuuza ng'ombe alioachiwa na baba yake. Yaani, kabla ya kuwa mpelelezi, alikuwa mrithi.

Huko Kibosho, kwa desturi, kihamba kilikwenda kwa wana wa kiume. Binti aliolewa akaenda kwenye kihamba cha wengine, na mjane alikaa kwa hisani ya shemeji na wanawe. Amri ya mwaka 1963 kuhusu sheria za kimila iliziandika desturi za namna hii kama sheria katika sehemu nyingi za Tanganyika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo iliyotamka kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanaume. Mwanamke ambaye anaweza kufukuzwa kwenye migomba aliyoipalilia miaka 30 hathubutu kumwambia shemeji yake hadharani, "Wewe ndiye uliyeung'oa mti wa sale wa mpaka." Huenda amekwisha jua tangu asubuhi. Anajua kwa sababu tope lililo kwenye viatu vya shemeji si la upande wake wa mfongo. Lakini ananyamaza, anateka maji, anakwenda zake. Miss Marple alikuwa na nyumba na bustani yake. Ujasiri wake ulisimama juu ya ardhi.

Kama mmoja wa wanafunzi wanaosoma kurasa hizi atataka kulijaza pengo hili, vitu vyote vya kuanzia viko pale pale. Anahitaji soko siku ya gulio, mvua ya masika, na zamu ya maji ya mfongo iliyoibwa usiku. Anahitaji mkungu wa ndizi uliotoweka ilhali mbwa hakubweka, na mtendaji wa kijiji mwenye kalamu mbili mfukoni na haraka ya kuandika jina la mshukiwa. Na kando yao, juu ya gunia lililokunjwa, ameketi bibi anayepanga mafungu ya ndizi. Amesikia kila neno, na mtendaji bado hajamwuliza kitu.