Yayoi Kusama

Yayoi Kusama (alizaliwa Matsumoto, Japani, 22 Machi 1929) ni mchoraji, mchongaji na mwandishi wa Japani anayejulikana kwa kazi zenye nukta, maboga na vyumba vya vioo. Tangu utotoni alipatwa na maruweruwe, na kwa maelezo yake mwenyewe nukta na nyavu anazochora zilitokana na hali hiyo.

Alihamia Marekani mwaka 1957 na kufanya kazi New York, ambako alitengeneza chumba chake cha kwanza cha vioo mwaka 1965. Alirudi Japani mwaka 1973, na tangu 1977 ameishi kwa hiari katika hospitali ya magonjwa ya akili jijini Tokyo. Mwaka 1993 aliiwakilisha Japani katika maonyesho ya sanaa ya Venice.

Mvuto wake kwa umma una sababu kadhaa. Maumbo yake hutambulika mara moja, hata na mtu asiyesomea sanaa. Katika vyumba vya vioo, taa huakisiwa bila kikomo na mtazamaji hujiona ndani ya kazi yenyewe. Picha zinazopigwa humo husambaa sana mitandaoni. Boga lake la manjano lenye nukta nyeusi, lililowekwa kisiwani Naoshima mwaka 1994, lilisombwa na dhoruba mwaka 2021, kisha jipya likawekwa mwaka 2022. Bidhaa alizobuni pamoja na kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton (2012 na 2023) zilizifikisha nukta zake madukani. Makumbusho ya kazi zake yalifunguliwa Tokyo mwaka 2017.